Meno ya Kipaza

Kiwandani walimwita Kipaza kwa sababu hakutoa sauti. Utani wa kazini ndivyo ulivyo, na aliyeanza kulitumia jina hilo alikwisha staafu, wala hakuna aliyekumbuka kumlaumu. Mwanamke huyu alisimama nyuma ya msumeno mkubwa wa kupasulia magogo tangu binti yake angali ananyonya, akipokea mbao zinapotoka, na kwa miaka yote hiyo alizungumza kutwa nzima bila kutoa hata mnong'ono. Penye msumeno ule husikii kitu hata mtu akikupigia kelele sikioni. Wageni hujaribu kupaza sauti kwa wiki moja, makoo yakawakauka. Wenyeji husomana midomo.

Upande wa pili wa msumeno alisimama mumewe. Ndiye aliyelisukuma gogo, na watu wote walimwita Fundi, mkewe akiwemo. Fundi aliona upande mmoja tu wa gogo, ule uliomtazama. Upande wa pili, wenye ufa au msumari wa zamani uliomezwa na mti, ulikuwa wa Kipaza. Mikono yake imeshika mbao, hawezi kuashiria, basi alimwambia kwa midomo: simama, rudisha, legeza, kuna chuma. Alikataa hata kuvaa kitambaa cha kuzuia vumbi, akala unga wa mbao kila siku ya Mungu, ili mdomo wake uonekane. Fundi alisoma na kutii papo hapo, bila kuuliza. Vidole vyake vyote vilikuwa bado mahali pake, na kiwandani pale si kila fundi aliweza kusema hivyo.

Badala ya vidole msumeno ulimla masikio. Ulimla kidogo kidogo, hana habari, mpaka siku moja binti yao alimwita kutoka nyuma mara chungu nzima na yeye akaendelea kufunga kamba za viatu. Sasa hakusikia kitu isipokuwa mlango ukibamizwa. Watu wengine aliwakisia tu, akawa anaitikia kwa kichwa na kucheka mahali pasipo na kichekesho, watu wakamwona mtu wa furaha sana. Mkewe peke yake ndiye aliyemsoma neno kwa neno. Wako wanandoa wenye masikio mazima ambao hawajasikilizana tangu harusi. Hawa wawili walikaa mezani uso kwa uso, mmoja akichezesha midomo na mwingine akijibu kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, na walielewana hata kwenye umbea.

Kisha asubuhi moja fundo la mti lilichomoka kwenye gogo, likarushwa na msumeno, likampiga Kipaza mdomoni. Meno matatu ya juu, ya mbele kabisa, yakaenda nalo. Mdomo ulishonwa, ukapona, uvimbe ukaisha. Kiwanda hakikuleta ubishi, kilikubali kugharamia matibabu, na msimamizi akamwambia apumzike mpaka atengenezwe vizuri. Aliyasema hayo kwa roho safi. Halafu akamweka Winchi mahali pake.

Winchi alikuwa pande la mtu, mbeba magogo, mwema asiye na hila hata chembe. Kasoro yake ilikuwa moja: akiona hatari anapiga kelele. Anauachama mdomo wote mpaka unaona kimio, na mdomo ulioachama hivyo hausomeki lolote. Kipaza alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana mapumziko yake hayakuwa mapumziko. Kila Fundi alipotoka asubuhi, yeye alifagia ua uliokwisha fagiwa, roho mkononi, mpaka aone kivuli cha mumewe kwenye lango na kuhesabu kwa macho kilichorudi.

Kwa daktari wa meno alipelekwa na binti yake. Binti alikuwa karani wa ofisi kubwa, mwenye kupenda mambo yaende kwa mpango, na aliingia mle ndani kama mtu aliyekuja kukagua. Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana, mpole, mwenye taya za plastiki mezani ambazo alizifungua na kuzifunga wakati akieleza.

Alieleza kinagaubaga. Kuna meno ya kuvaa na kuvua, yanayokaa kwenye bamba dogo linaloshika kaakaa. Hayo ni ya haraka, ila yanacheza mpaka mtu ayazoee, na wengine hawayazoei. Kuna daraja: meno matatu bandia yaliyoungana, yanagandishwa pale moja kwa moja, na yako tayari upesi. Lakini daraja linahitaji nguzo, kwa hiyo meno mawili mazima yaliyo pembeni mwa pengo lazima yasagwe yabaki vijiti, ndipo yavishwe. Na kuna vipandikizi, yaani skrubu zinazotiwa ndani ya mfupa na meno kufungwa juu yake. Hayo hayagusi jino la jirani na yanakaa kama ya kuzaliwa. Tatizo ni mfupa. Mfupa hauharakishwi, unachukua miezi kuikumbatia skrubu.

"Vipandikizi," alisema binti kabla mama yake hajameza mate.

"Tumsikilize mama kwanza," daktari alisema. "Mama, meno haya unayataka hasa kwa kazi gani? Maana kila mtu ana lake. Mwingine anataka kutafuna mahindi, mwingine anataka apige picha."

Hapo ndipo Kipaza alipokosea, na alijua anakosea. Jibu alikuwa nalo kwenye ncha ya ulimi: nataka mume wangu anisome. Lakini binti alikuwa ameketi pale, na binti aliuchukia msumeno ule kuliko kitu chochote duniani. Alikwisha wahi kumfuata msimamizi mwenyewe na kumpatia baba yake kazi ya kutunza stoo ya kiwanda, kwenye kiti, kwenye kivuli. Fundi alisema stoo ni ya wagonjwa. Wakanuniana karibu mwaka mzima, na Kipaza siku zote alisimama upande wa mumewe. Leo akisema neno moja juu ya kusomwa midomo, binti ataunganisha mambo, atajua baba yake anasukuma magogo bila macho ya upande wa pili, na nyumba itawaka moto.

"Kula tu," alisema. "Na nisionekane bibi kizee."

"Basi ushauri wangu ni sawa na wa binti yako," daktari akasema, na akaandika miadi nyuma ya karatasi yenye michoro ya aina zote tatu na miezi yake, ambayo Fundi aliikagua sana jioni ile.

Nyumbani walijaribu kuzungumza. Kipaza alisimama mbele ya mumewe, kwenye mwanga wa dirisha, akasema sentensi rahisi kabisa ya habari za jirani. Fundi alimkazia macho. Alisogea, akainamisha kichwa, akakunja uso. Midomo ile aliyoijua kuliko viganja vyake sasa iliingia ndani pale katikati, ikakunjika vibaya, na ulimi ukawa unatokeza mahali ulipokuwa unajificha.

"Sema tena."

Alisema tena.

"Umesema mtoto?"

Hakukuwa na mtoto yeyote katika habari ile. Kipaza aliona aibu, aibu ya kijinga isiyo na sababu, akajifunika mdomo kwa ncha ya mtandio. Tangu siku hiyo akawa anajifunika hata anapozungumza naye, jambo ambalo kwa mtu kama Fundi ni sawa na kumzimia taa. Fundi naye hakulalamika. Alianza tu kula akiangalia sahani. Mwanamume huyu, aliyekuwa akimtazama mkewe usoni kutwa kwa sababu ya kazi na jioni kwa sababu ya mazungumzo, sasa aliangalia sahani, na Kipaza aliumia kwa hilo kuliko alivyoumia na lile fundo.

Yakapita majuma. Siku moja alasiri Fundi alirudi amevaa shati ambalo hakutoka nalo. Lilimbana kifuani na kunuka jasho la mtu mwingine. Kipaza alingoja aingie kuoga, akaenda nyuma ya nyumba, na nyuma ya beseni la kufulia akalikuta shati lenyewe limeviringishwa. Mkono wa kulia haukuwepo. Kuanzia juu kidogo ya kiwiko palikuwa na nyuzi tu, zimechanwa upande mmoja, na ukingo wenye madoa ya mafuta ya mashine.

Alikaa chini pale pale kwenye majimaji. Alipoweza kusimama alimfuata mumewe, akamnyooshea shati usoni, na mkono wa pili akamshika mkono wake, akaugeuza huku na huku. Palikuwa na mchubuko mrefu, mwekundu, wa juujuu.

"Ilinasa," alisema Fundi, kwa ile sauti yake ya kusikika mtaa wa pili. Kisha akajaribu kuipunguza, akashindwa. "Nguo tu. Nguo imenasa, nikavuta."

Kipaza alisema kitu. Fundi alitazama mdomo wake, akatikisa kichwa. Ikabidi amwigize Winchi: akavimbisha kifua, akaachama.

"Aliniambia," Fundi akakiri. "Niliona anasema. Sikujua anasema nini. Nikasukuma."

Halafu akacheka kile kicheko chake cha kuwachekea watu asiowaelewa. Hajawahi kumchekea mkewe kicheko hicho. Kipaza aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani mwake, na ndani ya hofu hiyo akakata shauri: miezi haipo. Mfupa ungoje, yeye hangoji. Alimpigia daktari simu kwamba anataka daraja, na anataka juma hili hili.

Binti alipopata habari alimpigia simu akiwa amekwisha pandwa na hasira.

"Mama, unasaga meno mazima ya nini? Meno mazima ya Mungu. Una haraka ya kwenda wapi?"

"Nimechoka na pengo."

"Umechoka na pengo au baba ndiye amechoka nalo? Kama ni baba, nipe niongee naye."

"Uongee naye kwa simu?" Kipaza alisema. Lilikuwa jambo la kuchekesha na hakuna aliyecheka. Binti akasema sawa, meno ni yako, akakata.

Siku ya kusagwa Kipaza alikwenda na Fundi. Alimwombea ruhusa kwa msimamizi mwenyewe, akasema anaogopa sindano, na mle kiwandani watu walishangaa kwamba Kipaza anaogopa kitu. Kwenye chumba cha daktari palikuwa na ubaridi na harufu ya dawa ya karafuu. Trei ilikuwa tayari: sindano ya ganzi, pamba, na kile kichimbio chenye ncha ndogo kama ya kalamu. Fundi alikitazama kichimbio kile kwa jicho la mtu wa kazi. Kitu chochote kinachozunguka kwa kasi alikipa heshima yake.

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, mama," daktari alisema akivaa glavu. "Haya mawili ni meno imara, hayana doa. Nikianza kusaga hakuna kurudi nyuma. Una uhakika?"

Kipaza alijilaza, akafumba macho, akahisi taa ya daktari juu ya kope. Mkono wa daktari ulimgusa shavu, na hapo akakurupuka, akakaa.

"Daktari, nilikudanganya."

Akamwaga mtama wote. Alieleza msumeno, midomo, Winchi, shati. Daktari alimsikiliza, glavu zake zikiwa hewani. Fundi, asiyejua kinachosemwa, alitazama uso mmoja kisha mwingine na kuitikia kwa kichwa kwa adabu.

"Mbona hukuniambia?" daktari alisema mwishowe. "Mimi ningekupa daraja zuri, refu kidogo, la kupendeza kwenye picha. Lingeusukuma mdomo mbele, na mzee asingesoma kitu. Tungekuwa tumeua meno mawili bure."

Daktari akavua glavu, akatoa kabatini meno ya kujaribia, matatu, akayapanga juu ya nta laini, akayabandika kwenye pengo. Akamwambia Fundi kwa ishara aende mlangoni. Kutoka kiti mpaka mlango palikaribia kuwa sawa na kutoka upande mmoja wa msumeno mpaka wa pili, na Fundi alielewa haraka, akasimama vile vile anavyosimama kazini, miguu mbali, viganja vikishika gogo lisilokuwepo.

Kipaza alichezesha midomo.

"Sijui," alisema Fundi.

Alirudia. Fundi alitoa jasho jembamba juu ya mdomo, kwenye chumba chenye ubaridi. "Sijui. Umesema... sijui."

Daktari aliyatoa meno, akakwangua nta, akayarudisha nyuma kidogo na kuyafupisha kiasi cha unywele. Akabandika tena. Fundi akapata neno moja, akapoteza lililofuata. Daktari akatoa tena, akakwangua. Kipaza akawaza kwamba huenda si meno hata kidogo, huenda ile midomo ilikwenda na lile fundo na hairudi, na mumewe atakula akiangalia sahani mpaka mwisho wa maisha yao. Daktari akabandika mara ya tatu.

"Simama," alisema Fundi.

Kipaza aliendelea.

"Rudisha. Legeza. Kuna chuma." Sauti ilipanda. "Kuna chuma, upande wangu, chini. Jirani ameuza mbuzi. Mbuzi alikuwa mgonjwa. Aliyemnunua ni mjinga." Akaangua kicheko, cha kweli safari hii, na mpokea wagonjwa akachungulia mlangoni kuona kuna nini. "Anasomeka. Daktari, anasomeka, huyu ni mke wangu."

Daktari naye alicheka kwa kufarijika. Alichora alama kwenye nta ili asipoteze mahali meno yalipokaa. "Basi sasa najua pa kuyaweka," alisema. "Daraja litakaa hivi hivi. Jumatatu ijayo mama yuko kazini." Akavaa glavu mpya, akachukua sindano.

Kipaza aliinua kidole kumwomba angoje. Alikuwa anamtazama mumewe pale mlangoni, na miguu yake, na ile mikono iliyoshika hewa. Jumatatu ijayo. Atasimama tena nyuma ya msumeno, atakula unga wa mbao, atakuwa macho yake. Na siku atakayopiga chafya? Siku fundo jingine litakapomrukia, safari hii jichoni? Miaka yote alikuwa amemtetea mbele ya binti yao, amesema Fundi bila msumeno si Fundi. Neno alilokuwa nalo moyoni hakuwahi kulisema, na kwa majuma haya hata angetaka asingeweza.

Sasa aliweza. Alisema taratibu, bila sauti, ili daktari asisikie.

Naogopa. Nimeogopa kila siku tangu tuanze. Toka kwenye msumeno.

Fundi aliyekuwa akirudia kila sentensi kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, hakurudia hiyo. Kicheko kilimwisha usoni polepole. Mikono ikashuka.

"Amekosa hilo?" daktari aliuliza, akiweka sindano pembeni. "Ngoja, nadhani hili la kushoto liko mbele kidogo. Nilikwangue."

"Usilikwangue," alisema Kipaza. "Amesoma."

"Sikuona," alisema Fundi. "Hiyo sikuiona."

Kipaza alirudia, neno kwa neno. Fundi alimtazama mdomo mpaka mwisho wa sentensi, kisha akageuza uso ukutani, palipobandikwa picha ya mtoto anayepiga mswaki. Kwa mtu wa aina yake, kugeuza uso ni kufunga mlango na kutia komeo. Kipaza hakuwa na njia yoyote ya kumfikia pale. Alibaki amekaa kwenye kiti, meno ya nta mdomoni, akingoja mume wake ageuke, na hakujua kama atageuka.

Fundi alipapasa ule mkono wake wa kulia, pale penye mchubuko, juu ya nguo. Kisha akageuka, si kwa mkewe, kwa daktari.

"Yale mengine," alisema. Hakupiga kelele, sijui sauti hiyo aliipata wapi, lakini ilikuwa ya mtu wa kawaida anayezungumza chumbani. "Ya kwenye ile karatasi, ya kuchimbia kwenye mfupa. Hayo hayasagi meno yake mazima?"

Daktari alimsogelea ili amwone mdomo vizuri, akatikisa kichwa kwamba hapana, hayasagi.

"Lakini yanakaa miezi mpaka yawe tayari."

Daktari akaitikia kwa kichwa, ndiyo, miezi, na akamwangalia Kipaza, maana mambo yalikuwa yamempita.

"Mwekee hayo," alisema Fundi. "Stoo hakuna msumeno. Hatuna haraka."